Nilivyokusanya sahihi za kuua ukumbi wetu wa maigizo

Kosa ni langu. Sikusukumwa na mtu, sikulewa, sikurogwa. Nilijifanya najua kusoma Kiingereza, na nusura jengo zima lituponyoke. Jina langu niachieni, maana hapa Albert Park wanaonifahamu ni wengi na wanaonicheka bado wapo.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Kigoma, Durban nimekaa miaka mingi. Kiingereza cha kuongea nilikiokota barabarani, nikakiongea kwa mbwembwe. Wakongo na Warundi wa ghorofa letu wakaanza kunichukua niwatafsirie: kliniki, kwa wenye nyumba, shuleni kwa watoto wao. Wakaniita Profesa, nami nikalipenda lile jina. Ila karatasi ndefu ya Kiingereza ilinishinda kwenye mstari wa tatu. Hilo sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna ukumbi wa zamani wa maigizo. Sakafu yake inashuka kuelekea jukwaani, viti vya velveti vimechakaa, lakini mtu akinong'ona pale mbele, wa nyuma kabisa anamsikia bila kipaza sauti. Kila Jumamosi mchana kikundi chetu kiliigiza humo kwa Kiswahili. Kiongozi wetu ni Mama Espérance, Mkongo wa Uvira. Wiki nzima anasuka nywele za watu, Jumamosi anakuwa malkia au mama mkwe mkorofi. Mimi nilishona maleba na kuchekesha kidogo. Humo ndani hakuna aliyetuuliza karatasi za ukimbizi wala tunarudi kwetu lini.

Mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia la huku Afrika Kusini, bwana mmoja aliyetumwa na mwenye jengo akaja dukani kwangu. Akaniambia ukumbi umechoka, paa linavuja, kuna mradi mpya na wanaomba majirani waunge mkono. Akanipa fomu za kurasa nne. Nikaona neno la jengo, nikaona neno la kuboresha, nikatikisa kichwa kama wakili. Wateja wawili walikuwa wananitazama. Ningesemaje kwamba sijaelewa? Nikamjibu, "Sharp," yaani sawa, nitazizungusha mwenyewe.

Lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya kumi na moja, mlango kwa mlango, nikiwaambia watu ni karatasi za kutengeneza paa. Mama Espérance akasaini wa kwanza. Binti yake Clarisse, aliyekuwa akisoma chuo kule Westville, alitaka kuisoma kwanza. Nikamwambia mtoto asicheleweshe wakubwa. Wengine walisaini huku wananimiminia chai. Zilipojaa sahihi, nikamkabidhi yule bwana.

Siku kumi baadaye Clarisse akaja kupima sketi. Nakala moja ya fomu ilikuwa mezani, nimechora mkono wa blauzi nyuma ya karatasi. Akaichukua, akaisoma kimya mpaka mwisho.

"Tonton," akaniita, kama Wakongo wanavyomwita mjomba, "hii ulisoma yote?"

"Nilisoma."

"Inasema sisi majirani hatuna pingamizi ukumbi ufanywe bohari ya vipuri vya magari. Jukwaa linavunjwa, sakafu inasawazishwa."

Nikakaa. Sakafu ile ikishasawazishwa hairudi, na hata mimi nililijua hilo. Nikamwomba asimwambie mama yake. Akasema ananipa mpaka jioni nikamwambie mwenyewe.

Nilimkuta Mama Espérance saluni, vidole vyake vimo kwenye nywele za mteja. Nikaeleza yote. Vidole vikasimama.

"Profesa, mi nilisaini juu ni wewe ulileta. Hata sikuangalia."

Kisha akaendelea kusuka. Afadhali angenitukana! Wiki sita hakuniongelesha. Wateja kadhaa walihamisha vitambaa vyao kwa fundi mwingine, na mke wangu akaniuliza swali moja tu: ni mambo gani mengine ninayojifanya nayajua.

Clarisse ndiye aliyetafuta njia. Alikwenda idara ya mipango miji akarudi na habari kwamba mwenye jengo hawezi kubadilisha matumizi ya jengo bila kibali, na kibali hakitolewi kabla majirani hawajasikilizwa. Tangazo lilikuwa limebandikwa pale mlangoni pa ukumbi tangu mwanzo. Nilikuwa nalipita kila Jumamosi nimebeba maleba. Zilibaki siku tisa za kupeleka pingamizi. Akashauri kila mtu aandike barua yake mwenyewe, kwa lugha anayoijua, yeye ataweka Kiingereza chini yake.

Nikapanda ngazi zile zile tena. Kila mlango nikasema nilikosea, niliwaletea karatasi ambayo sikuweza kuisoma. Mlango wa kwanza ulimi ulikuwa mzito. Kufika ghorofa ya tano watu walikuwa wameshapata habari, wananingojea kwenye korido wanacheka. Mrundi mmoja, mlinzi wa kiwanda kule Jacobs, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia taratibu kwamba hata yeye Kiingereza hakisomi, siku zote alikuwa ananionea wivu. Akaandika barua yake mbele yangu, kwa Kiswahili, ulimi umetoka pembeni kama mwanafunzi.

Asubuhi ya kusikilizwa tulijaa kile chumba cha idara mpaka wengine wakasimama ukutani. Mwenyekiti, mama wa Kihindi mwenye miwani, alikuwa na mafungu mawili ya karatasi mbele yake. Akauliza imekuwaje watu wale wale wamekubali na wamekataa. Wakili wa mwenye jengo akasema tumechochewa. Nikasimama. Kiingereza changu chote kikanikimbia, nikaomba niseme Kiswahili, Clarisse atafsiri.

"Mwambie fomu zile nilizizungusha mimi. Mwambie Kiingereza sijui kusoma."

Clarisse akanigeukia. "Niseme hivyo hivyo, Tonton?"

"Hivyo hivyo, mwanangu."

Akasema. Nikahisi macho ya chumba kizima mgongoni, lakini kifua kikawa chepesi ajabu. Wakili akauliza watajuaje kama barua za pili nazo tumezielewa. Clarisse akamjibu kwamba kila mtu ameandika kwa mkono wake na kwa lugha yake. Mwenyekiti akachomoa moja, akaomba isomwe. Ikawa ya yule Mrundi. Alieleza kwamba alimwona mkewe kwa mara ya kwanza ukumbini mle, dada ameketi safu ya mbele yake, naye akawa anapiga makofi mahali pasipostahili ili yule dada ageuke nyuma. Aligeuka mara ya tatu, kwa hasira. Chumba kikaangua kicheko, na mwenyekiti akavua miwani akaipangusa.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa: maombi yamekataliwa. Jengo libaki ukumbi wa maigizo. Paa litengenezwe, ila jukwaa na sakafu visiguswe.

Siku ile ile Mama Espérance akaingia dukani na kitambaa cha kijani kwapani. Akakitupa mezani.

"Nataka gauni la hakimu. Na mchezo mpya iko na nafasi ya mtu mjinga. Wote wametaja jina yako."

Nikakubali kabla hajamaliza. Ukalimani nimenyang'anywa, sasa wanamwita Clarisse, na ndivyo inavyopasa. Mimi siku mbili kwa wiki niko darasa la watu wazima, nasoma kwa kidole.

Ninyi mnaonisoma, msifanye kama mimi. Karatasi usiyoielewa, sema hujaielewa, hata kama wateja wako wamesimama hapo. Na ukiona tangazo limebandikwa kwenye jengo unalolipenda, usilipite. Halipigi kelele, linakaa pale na siku zinakatika. Ukishindwa kulisoma, mwombe mtu, hata yule uliyemwita mtoto. Halafu andika barua yako, kwa lugha yoyote uliyo nayo. Wataisoma. Mimi niliwaona wakisoma.