Mnalalaje Humu?

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Mkuu, Mwingereza aliyesimamia kliniki ya wazazi mjini Arusha, hakunifundisha kupima wala kuchemsha vyombo. Alinipa aproni iliyonipwaya, akasema, "Wewe ni mkunga msaidizi. Utakwenda majumbani kwa waliojifungua, na swali lako la kwanza ni hili: mnalalaje humu? Kichanga akilaliwa na mtu mzima usingizini, halii. Anazimika tu." Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na kwa muda mrefu nikawa naota nimemlalia mtu.

Ninyi mnaolala kila mtu na kitanda chake mtadhani natia chumvi. Chumba kimoja cha udongo pale Elerai kililaza ukoo mzima. Baba na mama kitandani na kichanga chao. Chini, bibi na watoto juu ya ngozi za ng'ombe, wamelala mzungu wa nne, yaani kichwa cha huyu miguuni kwa yule, ili watoshe. Mgeni akishuka kutoka Momela, nani angemwambia hakuna nafasi? Watu walijibana, naye akaingia. Mimi mwenyewe nimekulia hivyo, na baridi ya Meru hatukuijua.

Balaa lilikuwa Bwana Afya. Ndivyo tulivyomwita mkaguzi wa mji, mtu wa Tanga, mpole wa sauti, ila chumba alichokikuta kimejaa kupita kiasi alikifunga. Basi akionekana tu mwanzo wa mtaa asubuhi, wanawake waliitana kwa kelele. Ngozi, magunia na mablanketi vikakunjwa haraka haraka, vikafungwa kwa kamba za mgomba na kwenda kufichwa bandani kwa mbuzi wa jirani. Akifika anakuta kitanda kimoja na sakafu imefagiliwa. Hata mimi niliambiwa, "Tuko watatu tu, nesi."

Asubuhi moja niliongozana naye hadi kwa Mama Anaeli, niliyemzalisha juma lililotangulia. Tulimkuta amekaa kitandani, kanga imelowa maziwa kifuani. Nikamuuliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko na bibi yake, nje."

Mama mkwe wake, aliyekuwa akichochea moto uani, akachungulia mlangoni. "Yuko na mimi? Si ulimchukua wewe? Mimi nilimwacha kwenye ngozi nikaja kuwasha moto."

"Ngozi ipi, mama?" nikauliza.

Sakafu ilikuwa tupu, imeshafagiliwa. Chumba kile hakikuwa na dirisha, na watoto wakubwa waliposikia kelele walikunja chochote walichokipapasa gizani. Bwana Afya alikuwa amesimama pale pale na sisi. Kukimbilia bandani kulikuwa ni kumwonyesha kila kitu. Mama mkwe alimtazama, akasita. Mama Anaeli hakumtazama. Alitoka mbio, nami nyuma yake.

Bandani mizigo ilikuwa imerundikwa, mmoja juu ya mwingine. Kamba nyingine tulizikata kwa meno. Tukafungua magunia, tukafungua mablanketi, huku nikimwomba Mungu kwa Kimeru na kwa Kiswahili, lugha zimechanganyika mdomoni. Wa chini kabisa ulikuwa mzigo wa ngozi. Ndani yake kichanga alikuwa ameloa jasho, midomo imebadilika rangi, kimya. Halii, anazimika tu. Nikamgeuza, nikamsugua mgongo, nikampulizia usoni, nikamsugua tena. Mama yake alikuwa ameshikilia aproni yangu kwa mikono miwili. Kisha mtoto akapiga chafya, akalia, nasi tukalia naye.

Tulipoinua macho, Bwana Afya alikuwa amesimama katikati ya ngozi na magunia. Akauliza taratibu, "Mama, mnalala wangapi mle?"

"Tisa," akajibu, mtoto kambana kifuani. "Funga tu."

Akakifunga. Wakahamia kwa ndugu zao Nduruma, wakajibana huko. Niliona hasira, nayo haikuwa kwa Bwana Afya peke yake: tulitumwa kuwalinda watoto, na watu walituogopa sisi kuliko homa. Nilipomsimulia Sista Mkuu, alisema, "Kuanzia leo utakwenda peke yako. Usiongozane tena na mkaguzi." Hapo ndipo nilipoanza kuambiwa kweli, nyumba moja moja, na tukaweza kupanga pamoja kichanga alale upande gani.

Nilihamishiwa Nduruma, kisha Momela, mpaka nikastaafu, Waingereza wenyewe wakiwa wamekwisha kuondoka. Leo nyumbani kwangu kila mjukuu ana kitanda chake. Asubuhi nikiingia kuwasaidia kutandika, wananicheka, "Bibi, unatafuta nini humo?"

Nawaacha wacheke. Napapasa blanketi lote, mpaka pembeni, ndipo nalikunja.