Si Kila Jina Liitwalo Liitikiwe

Mwanangu, wewe unayeandika programu siku hizi, keti nikwambie siku iliyonitoa ujana. Biashara ya mazao ilikuwa imeachwa huria, kila mtu akijiuzia mboga zake, na wakulima wa Mgeta walikuwa wamejiwekea ofisi Morogoro mjini, yenye kompyuta moja iliyokwishatumika. Mimi ndiye niliyewaandikia programu ya zamu za lori: nani apakie kabichi zake leo, nani kesho.

Nilikuwa hodari, tena mwenye majivuno, Mungu anisamehe. Humo ndani kila kazi niliipa jina: sajili, tafuta, panga. Karani akiandika neno lolote, mashine ilitafuta kazi yenye jina hilo na kuifanya papo hapo. Nikaona huo ndio ufundi. Nikasahau kwamba nilikuwa nimeacha nyingine, futa, niliyojitengenezea wakati wa majaribio, ya kufagia daftari zima la majina.

Karani alikuwa dada Skola, mjane mwenye watoto watatu. Asubuhi moja alitaka kuondoa jina la mzee mmoja aliyefariki. Akaandika futa. Majina yote yakaenda. Kule juu Mgeta, milimani, watu walikuwa wameshateremsha matenga ya kabichi hadi barabarani, hakuna aliyejua zamu ni ya nani, wakagombana siku mbili hadi kabichi zikaoza barabarani.

Ikasemwa Skola afukuzwe. Nami, mwanangu, nilinyamaza. Naona haya hadi leo.

Mzee Mkude, mtunza stoo ya pembejeo, akaniita pembeni. Stoo yake ilikuwa na mbegu na dawa za wadudu; watu walitaja wanachotaka dirishani, naye alitoa kile tu kilichoandikwa ubaoni.

"Wanaosema mtoto akililia wembe mpe, hawajatunza sumu," alisema. "Mimi nikitajiwa kitu, natazama ubao kwanza. Skola kanieleza, mashine yako hufanya lolote inalotajiwa. Wewe umeacha mlango wazi, sasa unataka aliyeingia ndiye afukuzwe?"

Nilisimama mbele ya wakulima nikakiri. Skola akabaki kazini, mimi nikaondolewa. Kabla ya kuondoka niliweka orodha ya maneno matatu, kila neno nikalifunga na kazi yake. Neno jingine lolote likajibiwa: kazi hiyo haipo.

Basi, mwanangu, mtumiaji akikuandikia jina la kazi, usilipeleke ndani moja kwa moja. Lilinganishe na orodha uliyoipanga mwenyewe. Lililomo liite, lisilomo likatae, hata kama unajua kazi ya jina hilo ipo. Na yakiharibika, usimwachie karani mzigo wako. Mungu akujalie mikono yenye hadhari, na ulimi wa kukiri kabla hujaitwa pembeni.