Aliyeacha tanuri, akajifunza kusema hapana

Saa moja na robo asubuhi, ghorofa ya tatu ya kampuni ya pampu ya Störzinger, Svenja Rapp anavuta simu ya mezani, anasafisha koo, kisha anabonyeza namba. Upande wa pili yupo muuzaji wa vyuma mwenye maneno mengi. Svenja anamwacha aseme mpaka anapovuta pumzi, ndipo anapoingia.

"Bei hiyo tuliikataa wiki iliyopita," anamwambia. "Leo nataka kusikia nyingine."

Meza ya pili, mwanagenzi mwenzake, Dilara Aksoy, anamkonyeza huku akitafuna mkate wake wa chumvi na siagi. Dilara ana miaka kumi na tisa. Svenja ana thelathini na sita, na katika wanagenzi wa biashara wa mwaka wake hakuna anayemkaribia kwa umri.

Kampuni hii ina wafanyakazi wapatao elfu nne. Katika mji huu wa bonde la mto Neckar, mtu akisema anakwenda kazini hakuna anayemuuliza ni wapi. Kuingia kwa uanagenzi ni bahati ambayo wazazi huwasimulia majirani. Kubaki baada ya uanagenzi ni habari nyingine.

Mwanagenzi hukaa siku tatu ofisini na siku mbili shule ya biashara. Kila baada ya miezi mitatu huhamishwa: leo uhasibu, kesho stoo, keshokutwa mauzo. Anapoanza kuyajua majina ya watu na mahali panapowekwa kahawa, anaondolewa. Mwishoni kuna mtihani, na baada ya mtihani kuna swali linalowakosesha wote raha: kampuni itakubakisha au itakushukuru kwa kupeana mkono?

Kwa Svenja swali hilo lina uzito wake. Miaka hii miwili anaishi kwa posho ya bima ya ajali kazini, kama euro 1,400 kwa mwezi, na karibu nusu yake inamezwa na kodi ya nyumba. Siku mafunzo yanapokwisha, posho nayo inakwisha.

Kabla ya hapa alikuwa mwoka mikate. Kwa miaka kumi na minne aliamka wakati wengine ndiyo kwanza wanageuza ubavu usingizini, akakanda unga na kuwasha tanuri. Aliipenda kazi hiyo, na analisema hilo bila kuzungukazunguka.

"Kule hakuna kuongea," anasema. "Unga, maji, moto, basi. Mimi na mwenzangu tungeweza kumaliza wiki nzima bila kusemezana zaidi ya salamu, na tulipatana sana."

Kisha kifua kikaanza kubana. Mwanzoni alidhani ni mafua. Baadaye akawa anatoka nje katikati ya kazi, anashika ukuta, anatafuta hewa. Daktari alimpima na kumwambia kwamba mapafu yake hayautaki unga tena, na hayatautaka maisha yake yote. Svenja alikwenda kukaa ndani ya gari lake, akalia mpaka vioo vikaingia ukungu.

Bima ya ajali kazini, ambayo hugharamia pia maradhi yanayoletwa na kazi, ndiyo iliyompa nafasi ya kuanza upya, naye akachagua biashara. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka. Alisema alitaka kujua kwa nini mwoka mikate ndiye anayeamka mapema kuliko wote na ndiye anayepata kidogo kuliko wote.

Aliingia Störzinger akiwa amebeba ukimya wake wote. Saa sita mchana kila anayepishana na mwenzake ukumbini humtakia mlo mwema, hata asiyemjua. Svenja alikuwa akiitikia kwa kichwa tu. Simu ikilia, alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Huku kila anayehama idara huacha keki mezani, na wenzake walisubiri kwa hamu keki ya mwoka mikate. Akaleta ya dukani, ndani ya boksi lake. Hakueleza kwamba unga ungemlaza hospitalini. Wakamtania kwa miezi.

"Nilimwambia, dada Svenja, ukiendelea kunyamaza hivyo tutakuja kukuzika kwa makosa," anakumbuka Dilara.

Sisi tumelelewa na methali ya mdomo uliponza kichwa. Kwa Svenja, kichwa kilikaribia kuponzwa na mdomo uliofungwa.

Ilikuwa Novemba, wiki ya tatu ya zamu yake katika idara ya ununuzi. Mkuu wa idara, Bwana Pfleiderer, alimtuma ampigie muuzaji wa vifuniko vya chuma na kumuuliza bei ya vifuniko elfu nane. Kuuliza tu. Muuzaji alikuwa mchangamfu, akaongea mfululizo: bei ni hii, mashine ziko tayari, tutaanza kukata wiki ijayo, sawa? Svenja akaguna. Akaguna tena. Akashukuru, akakata simu.

Kesho yake asubuhi ikaja barua pepe. Muuzaji alikuwa akithibitisha makubaliano yao ya kwenye simu: vifuniko elfu nane, kwa bei ile, vitaletwa kabla ya Krismasi.

Svenja aliisoma mara mbili. Alijua hajaagiza kitu. Lakini kumpigia mtu yule na kumwambia amekosea, hilo lilimshinda. Akajiambia kwamba hakuna aliyetia saini, kwa hiyo akikaa kimya jambo lile litajifia lenyewe. Akaifunga barua na kuendelea na kazi nyingine.

Siku iliyofuata walikuwa kwenye chakula cha mchana, dengu na tambi za mayai, Dilara akijiandaa kwa jaribio la shule. Alikuwa anamsomea Svenja maswali ili wakumbushane. Moja lilihusu sheria ya huku: wafanyabiashara wawili wakizungumza, kisha mmoja akamwandikia mwenzake kuthibitisha walichokubaliana, na huyo mwenzake akanyamaza bila kupinga haraka, sheria inasemaje?

"Aliweka uma chini," anasema Dilara. "Uso ukawa mweupe kama huo unga wake. Nikamuuliza, una nini? Akasema, sheria inasema aliyenyamaza amekubali."

Wote wawili walikuwa wamefundishwa somo hilo mwaka uliopita, na wote walilijibu vizuri kwenye karatasi. Svenja anasema hakuwahi kufikiri kwamba linamhusu mtu kama yeye. Kwake wafanyabiashara walikuwa watu wengine, wenye koti na sauti nene. Sasa alikuwa yeye, na kimya chake kilikuwa kinaigharimu kampuni vifuniko elfu nane visivyo na kazi.

Mficha uchi hazai. Svenja aliacha chakula, akapanda ngazi mpaka kwa Bwana Pfleiderer, akamweleza yote, pamoja na kuguna kwake.

Mzee huyo ana miaka thelathini katika ununuzi na si mtu wa kupayuka. Alimuuliza barua imekuja lini. Alipojibiwa kwamba ni jana, alihema kwa nafuu. Svenja alitegemea mambo mawili: ama atafukuzwa, ama mkuu atainua simu na kuyamaliza mwenyewe. Halikutokea hata moja.

"Bado hatujachelewa, lakini ikifika kesho sitaapa," Bwana Pfleiderer alimwambia. "Keti hapo. Uliyenyamaza ni wewe, kwa hiyo atakayesema ni wewe."

Svenja alipiga akiwa amesimama. Muuzaji alicheka kwanza. Kisha akasema chuma kimeshaagizwa. Kisha akauliza kama anaweza kuongea na mtu mzima. Bwana Pfleiderer alikuwa pale pale akitazama dirishani, asigeuke.

"Mimi ni mtu mzima," Svenja alimjibu. "Niliuliza bei, sikuagiza. Barua yako naipinga sasa hivi, na baada ya simu hii naipinga kwa maandishi."

Akaipinga kwa maandishi mara tu alipokata simu. Jioni muuzaji alijibu kwa mistari miwili mikavu kwamba amelifuta agizo. Bwana Pfleiderer alilisoma jibu hilo, akamwambia kesho kuna wauzaji wengine watatu wa kupigiwa.

Tangu hapo alimpa simu kila asubuhi, na kwa zamu ya mwisho ya mafunzo Svenja alirudishwa idara hiyo hiyo. Svenja anakiri kwamba majuma ya mwanzo alikuwa akienda msalani kwanza ili apumue. Hakuacha. Alijifunza kumkatiza mtu bila kumvunjia heshima, kukataa bila kuomba radhi, na kuacha ukimya umsumbue muuzaji badala ya kumsumbua yeye. Mwezi wa pili aligundua kwamba kazi hii anaipenda, na hofu ikaongezeka, maana sasa kulikuwa na kitu cha kupoteza.

Wiki iliyopita mkuu wa mafunzo, Bi Ulmer, alimwita. Mtihani wa maandishi Svenja ameshafaulu. Wa mdomo ni mwezi ujao. Bi Ulmer alimpa habari njema: kampuni inamtaka. Kuna nafasi katika ofisi ya kupokea mizigo, mkataba wa kudumu. Ni mahali patulivu, alieleza kwa upole, simu si nyingi, panamfaa mtu mkimya. Karatasi ilikuwa tayari mezani, na kalamu juu yake.

Idara ya ununuzi ina nafasi moja tu, mkataba wa mwaka mmoja, na waombaji ni wanne. Wawili wana alama nzuri kuliko zake.

Svenja aliirudisha kalamu upande wa pili wa meza. Alisema anashukuru, lakini anaomba ununuzi. Bi Ulmer alimkumbusha kwamba nafasi ya mizigo haitamsubiri, akamuuliza atafanyaje wakimwambia huko kwingine hakuna nafasi.

"Basi mtaniambia," Svenja alijibu. "Lakini mtaniambia baada ya kunisikia."

Akaongea robo saa nzima. Alimsimulia hata habari ya vifuniko, kosa ambalo Bwana Pfleiderer hakuwa amelipeleka kwa mtu yeyote.

Dilara, ambaye nafasi yake katika mauzo imeshathibitishwa, bado hajapona mshtuko. "Mkataba wa kudumu, dada. Wa kudumu. Ungekuwa kwetu, mama yangu angekufungia ndani mpaka utie saini."

Jibu litatoka Ijumaa. Likiwa baya, Svenja amepanga kuzipigia kampuni nyingine za bondeni, moja baada ya nyingine, kuuliza kama wanahitaji mnunuzi. Moja ameshaipigia, na wamemwambia afike Jumanne. Hajui kodi ya Agosti ataitoa wapi, na hilo linamtisha, analisema waziwazi. Nilimuuliza kama hajutii ile karatasi ya mezani.

"Kwenye mikate niliondolewa na mapafu, hakuna aliyeniuliza nataka nini," anasema. "Safari hii nimeulizwa. Ningewezaje kunyamaza?"