Azimio la Nne

Jamani, aibu nyingine ukiificha inakukaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa hiyo hii yangu bora niwagawie tucheke wote, maana Kibaha walishacheka na Kisarawe habari zilifika kabla mimi sijashuka kwenye basi.

Mimi ni mkufunzi wa chuo kimoja huko Kisarawe (mtu mzima, mwenye miwani na heshima zangu), na tulialikwa Kibaha kwenye kongamano la akili unde na ufundishaji vyuoni. Wakanichagua niwe katibu. Sasa kazi ya katibu ni kuandika wee mpaka vidole viume, halafu mwishoni asome maazimio mbele ya mgeni rasmi, nami nikajiambia, kongamano lenyewe la akili unde, ya nini nijitese? Nikaweka simu mezani irekodi kila kitu, ili jioni mashine initolee maazimio. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Asubuhi nilichangia kwa kishindo. Nikasema mwanafunzi anayewasilisha kazi ya mashine bila kuisoma anastahili aibu yoyote itakayompata. Wakanipigia makofi, nikakaa kichwa kimevimba.

Chai ilipoletwa watu wakatoka nje, mimi na Mwalimu Grace, shoga yangu wa chuoni, tukabaki pale pale na maandazi yetu, na simu (wala sikuikumbuka) iko katikati ya vikombe inasikiliza. Nikamwaga moyo wangu wote. Binti yangu Zuhura alikuwa aposwe Jumamosi na kijana wa Mkuza, hapo hapo Kibaha, ambaye wazazi wake sijawahi kuwatia machoni, mambo yote yanapita kwa mshenga. Kijana tumempenda sana, na roho yangu ilikuwa juu juu wasije wakaghairi.

"Sasa mtawajibu nini?" Grace akauliza.

"Tutawazungusha," nikasema. "Mtoto wa kike hatolewi kama andazi. Tutakunja sura, tutasema tunakwenda kushauriana, ingawa, mwenzangu, baba yake ameshaanza kuniuliza tupike pilau au biriani."

Jioni mgeni rasmi akatazama saa, nikaitwa haraka haraka. Nikabonyeza, mashine ikatema maazimio, yakaenda moja kwa moja ukutani kwenye projekta, nami nikayasoma kwa sauti ya taarifa ya habari. La kwanza, wanafunzi wasiwasilishe kazi ya mashine bila kuisoma. Makofi. La pili na la tatu, mambo mazuri ya mitihani. La nne: "Kongamano limeazimia kwamba wageni wa Mkuza watakaokuja kumposa Zuhura wakunjiwe sura na kuzungushwa kwanza, kwa kuwa familia imeshakubali na kilichobaki ni kuamua kati ya pilau na biriani."

Mdomo ulisoma mpaka mwisho, akili ilikuwa imeshasimama kwenye "Mkuza". Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, mgeni rasmi mwenyewe akatoa leso kufuta machozi. Nilitaka kuisingizia mashine, lakini mashine haikuongeza hata chumvi.

Mtu mmoja tu hakucheka, mhadhiri mmoja wa kike mwenye kilemba cha zambarau. Akanifuata hadi mlangoni.

"Zuhura ni binti yako?"

"Ndiyo, dada."

"Mimi ndiye mama wa huyo kijana wa Mkuza."

Nikamwona kichwani mwanangu analia, na mimi ndiye niliyemharibia. Nikaanza kuomba radhi, maneno yanagongana, akanishika mkono. "Mwenzangu," akasema, "wiki nzima silali, nikihofia mtatukataa." Tukacheka mpaka tukaegemea ukuta.

Jumamosi wakaja. Mume wangu (sikuwa nimemwambia kitu, ningeanzia wapi?) akakunja sura kama tulivyopanga, akasema ombi tumelisikia, ukoo utashauriana. Mshenga akakohoa.

"Sawa, mzee wetu. Tunaona mnatekeleza azimio la nne. Sisi upande wetu tumeshapiga kura: biriani."

Mume wangu akanigeukia polepole, mimi nikainuka nikakimbilia jikoni, na huko ndiko ninakozungumzia mambo ya wanangu siku hizi, simu nikiwa nimeifungia kabatini. Mashine ikiniandikia hata salamu, naisoma mara mbili. Ila wanafunzi wangu wamenishinda, maana nikiwaambia wasome kabla ya kuwasilisha, darasa zima linanijibu kwa adabu, "Kama la nne, mwalimu."