Walipoelekeza Farasi Kwenye Maombi Yetu

Kila Jumamosi mchana, mimi na wamama wenzangu wa kanisa, Wakongo wa Bukavu na Uvira, tulikuwa tunaomba kwenye uwanda wa manispaa kando ya kijito, huku ugenini Randburg. Hatukuwa na jengo. Tulitandika vitenge kwenye nyasi, basi.

Watu wanaopanda farasi kwa burudani walikuwa na njia yao mbali na sisi, chini ya ukuta wa nyumba mpya za kifahari. Wenye nyumba hizo hawakuwataka farasi hao: mavi, vumbi, na watu wanaochungulia ndani kutoka juu ya tandiko. Waligombana na wenye farasi mwaka mzima, kisha wakapatana. Njia ihamishwe. Hakuna aliyetuuliza sisi. Jumamosi moja tulifika tukakuta mawe yaliyopakwa chokaa, mistari miwili, yamepita palepale tunapopigia magoti.

Mama mchungaji, mjane mwenye sauti ya kukwaruza, aliyatazama kidogo.

"Tuyatoe," akasema.

Tukayatupa kijitoni. Wiki iliyofuata yakawa yamerudi. Tukayatupa tena.

Safari ya tatu walikuja wenye farasi wenyewe. Tukiwa magotini tulisikia kwato. Mwanamke wa makamo, kofia ngumu kichwani, alikuwa juu ya farasi wa kahawia, na wenzake wawili nyuma.

"Mnaziba njia," alisema kwa Kiingereza.

Nikasimama. "Njia iko kule, ukutani."

"Imehamishwa. Tumekubaliana na wakazi."

"Na mimi naishi wapi, mwezini?" Nilikuwa nimepanga chumba cha uani mtaa wa pili tu.

"Nendeni mkaombee kwenu."

Mama mchungaji hakujua Kiingereza. "Anasema nini, binti yangu?"

Nikamtafsiria. Alifumba macho akaanza kuomba kwa sauti kubwa, na wamama wote wakapaza sauti pamoja naye. Farasi akarudi nyuma, masikio yamelala. Yule mwanamke akamchapa, akamsukuma mbele, katikati yetu. Wamama wakatawanyika wakipiga mayowe. Bega la farasi likanigonga kifuani, nikaanguka chali. Kwato zikachana kitenge changu. Hakuna aliyeshuka kuniangalia.

Niliokota jiwe lao la chokaa. Mama mchungaji akanishika mkono.

"Farasi amekosa nini?"

"Simlengi farasi, Mama."

Alinikazia mkono mpaka wakatoweka.

Tulikwenda kulalamika ofisi ya manispaa. Kijana wa dirishani alitusikiliza vizuri, tena kwa heshima, halafu akasema, "Eish, mama, hilo limeshapitishwa." Jumamosi iliyofuata tulikuta walinzi na mbwa. Mmoja wa walinzi alikuwa Mkongo mwenzetu. Alitusemesha Kiswahili, akitazama chini: "Wamama, nawaomba muondoke. Mtanifukuzisha kazi." Tukaondoka kwa ajili yake, si kwa ajili ya mbwa.

Sasa tunaombea mjini, ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu, na ngoma za kanisa la jirani zinatumeza. Wamama wa mbali waliacha kuja. Siku ya kwanza pale, mama mchungaji alituambia tumwombee yule mwanamke. Wenzangu wakaomba. Mimi kifua kilikuwa bado kinauma nikivuta pumzi. Sikuomba, na walipomaliza, amina sikuitikia.