Nilizimua dawa ya mama kwa maji, sasa nesi ameongeza kipimo

Admin, jina langu liweke mfukoni, maana wasichana wa Kabeza wakijua ni mimi watalia wiki nzima. Nina miaka ishirini na miwili, na Kigali yote hajazaliwa kijana mzuri kama mimi, wala anayeosha gari kama mimi. Niletee gari lililotoka kwenye tope la Ndera, nitakurudishia ujitazame kwenye mlango wake uchane nywele. Shule niliacha kidato cha pili, walimu walikuwa wameishiwa. Chekeni sasa hivi, kwa sababu huko mbele hakuna kicheko. Naogopa mama yangu atakufa leo, na si kwa kansa.

Mama ana kansa ya titi, imeshafika kwenye mifupa. Alikulia Bukoba, ndiyo maana nyumbani tunaongea Kiswahili. Kabla ya dawa alikuwa anang'ata kitenge majirani wasimsikie, maana kwetu mtu mzima halii kwa maumivu. Kisha nesi anayetembelea wagonjwa majumbani akaleta mofini, ya maji, kwenye chupa. Akaniambia, "Mpe kila baada ya saa nne, hata akisema haumwi. Usisubiri maumivu yarudi."

Jamani, mama alirudi! Akawa anakaa mlangoni anachambua mboga za dodo na kuisema suruali yangu iliyochanika: "Wewe, hayo magoti yanatafuta nini huko nje?"

Nikaenda kujisifu kinamba, pale tunapooshea magari, kwamba mimi ndiye daktari wa nyumbani. Mwenzangu akaangua kicheko. "Yewe sha, mofini? Hiyo ni ndugu yake unga! Mukecuru wako, huyo mama yako, akiizoea atakuwa teja, utamkuta anauza masufuria." Wote wakacheka, mimi nikawazidi. Lakini neno liliniingia. Mama akisinzia mchana, mimi naona teja.

Namba ya nesi ninayo. Sikumpigia. Mimi ni fundi wa kuzimua bwana: sabuni kali ya magari tunaitia maji, povu linabaki lile lile, mteja hajui. Basi nikamimina nusu ya dawa kwenye chupa ya soda, nikaificha chini ya kitanda changu, pale penye nafasi nikajaza maji ya kuchemsha. Kipimo nikampa kile kile.

Kitenge kikarudi mdomoni. Mama akaacha kukaa mlangoni. "Mwanangu," aliniambia, "ugonjwa umeishinda dawa." Nikamwambia vumilia.

Jana nesi alimkuta amejikunja, jasho linamtoka. Akaongeza kipimo mara mbili na kuacha chupa mpya. Nikamuuliza kimzaha kama mama hatakuwa teja. Akasema, "Mwenye kansa akipewa kwa kipimo chake halewi, anapumzika. Mimi naogopa kumpandishia ghafla kupita kiasi, maana hapo mtu analala mpaka pumzi zinapungua. Ndiyo maana sizidishi zaidi ya mara mbili."

Mara mbili! Yeye anadhani mama alikuwa anakunywa dawa kamili. Tangu jana bado nampa ya chupa ya zamani, kipimo cha zamani. Dada yangu, anayefanya kazi kiwandani Masoro, ameapa kuwa kuanzia leo jioni dawa atatoa yeye. Atafungua chupa mpya, kali, ambayo haijaguswa, ampe hicho kipimo cha mara mbili mama ambaye mwili wake umezoea maji yangu: kwake hiyo ni mara nne.

Niko kinamba, mpira wa maji nimeuweka chini niwaandikie. Nikimwambia dada, atanifukuza na mji mzima utajua. Shetani ananinong'oneza niiwahi chupa mpya, niizimue nayo, mambo yalingane, nisiseme kitu. Lakini hapo mama ataendelea kung'ata kitenge mpaka siku yake.

Nishaurini jamani, nianze na nani, nesi au dada? Jibuni haraka, dada anatoka kazini jua likizama. Matusi nayastahili, yaleteni, ila ushauri utangulie.

Na msije mkadhani hakuna aliyeniuliza. Jana, kabla ya kuongeza kipimo, nesi aliniuliza mbele ya mama: "Dawa unampa kama nilivyokuelekeza? Hujabadilisha chochote?" Mama akanijibia, sauti yenyewe inatoka kwa shida: "Huyu? Huyu hajawahi kunikosea hata mara moja."

Nikasema ndiyo, nampa vilevile.