Moyo Uliopiga Sawasawa Mno

Nzuki, mchongaji wa vinyago pale Gikomba, hakuwahi kuogopa makali ya tezo yake ya kuchongea wala gogo gumu, lakini ile karatasi ya zahanati ilimkausha mate. Mistari ya moyo wake ilirukaruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Na alikuwa amekuja kwa kizunguzungu tu, akabandikwa kimashine kifuani ashinde nacho kutwa. Mkewe, Koki, alishasema: moyo ukiwa mbovu, tezo inawekwa chini. Sasa Nzuki bila tezo, jamani, ni nani?

Khadro, mpimaji, akaitazama michoro tena. "Mzee, jana ulifanya nini na hii mashine?"

"Kazi. Si uliniambia nikae kama kawaida?"

"Kazi gani?"

"Kuchonga twiga."

Koki akacheka. "Binti yangu, umepima twiga, mzee hukumpima."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila tezo iliposhuka kifua kilitikisika, na mashine ikadhani ni moyo. Khadro akamlaza, akamkataza kuongea, akangoja atulie kabisa, ndipo akarekodi upya. Safari hii mistari ilijipanga kama meno ya msumeno.

"Umeona?" Nzuki akamwambia mkewe. "Kama saa."

Khadro hakutabasamu. Akawaeleza kwamba moyo mzima hauendi kama saa: ukivuta pumzi unakimbia kidogo, ukiitoa unapunguza mwendo. Wa Nzuki haukujali pumzi. "Pengine mishipa ya fahamu imechoka, mzee. Sukari hufanya hivyo."

Akamtoboa kidole. Sukari ilikuwa juu sana.

"Vua viatu, nione kama miguu inasikia."

Soksi ilipotoka, Koki akaziba mdomo. Unyayo ulikuwa umepasuka kwa pembeni, damu imegandamana na vumbi la mbao. Wachongaji hubana gogo kwa nyayo, tezo ikishuka katikati. Ilikuwa imempata, naye akaendelea na twiga wake, asubuhi akavaa soksi hivyo hivyo.

"Lini hii, Baba Muthoki?" Koki akamuuliza mumewe.

"Sijui." Alikuwa akiutazama ule mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Mimi sikusikia kitu."

Khadro akabonyeza kidonda kwa pamba yenye spiriti. Nzuki akakaa tu. Koki ndiye aliyerudisha nyuma mguu wake mwenyewe, kana kwamba spiriti imemchoma yeye.

Kidonda kilipopona, tezo ilibaki kwa Muoki, mwenzake wa karakana. Nzuki akahamia upande wa akina mama wanaolainisha vinyago, kando ya Koki, viatu miguuni, akipiga msasa twiga wa wengine.

"Sogea," Koki akamwambia, "unaniziba mwanga."